Lafudhi za Kiingereza na Sikio la Askari

Wako watu wanaoshikilia kwamba Kiingereza kina lafudhi moja tu iliyo sahihi, na kwamba atamkaye kwa namna nyingine hana elimu. Dhana hiyo haina msingi. Na katika kazi yetu ya ulinzi ina hatari kubwa.

Tunakumbuka siku moja tulipokuwa maafisa wanafunzi, katika mazoezi ya simu ya upepo. Kundi moja liliamriwa kwa Kiingereza lisubiri dakika 15, kisha livuke mto. Mpokeaji, asiyeizoea lafudhi ya mtumaji, akasikia 50. Wenzao walikwisha kuvuka, wakabaki peke yao ng'ambo. Sisi tulicheka, lakini mwalimu wetu hakucheka. Alisema: "Leo mmecheka, siku nyingine mtazika."

Tofauti hizi zina historia. Waingereza walipoanza makazi yao huko Virginia mwaka 1607, herufi "r" ilikuwa ingali ikitamkwa karibu kote Uingereza, na hadi leo Wamarekani wengi huitamka waziwazi katika neno "car". Baadaye watu wa London na kusini waliiacha ipotee baada ya irabu. Makazi ya Australia yalianza mwaka 1788, na Waaustralia nao hawaitamki. Waskoti na Waairishi hawakuiacha. Basi ni nani aliyepotoka, aliyehifadhi ya zamani au aliyeibadili?

Hata ndani ya Uingereza kwenyewe hakuna umoja. Neno "cup" huko London husikika karibu na "kap", lakini kaskazini, katika jimbo la Yorkshire, husikika "kup". Kwa Mwaustralia, "day" hukaribia "dai". Kwa mtu wa New Zealand, "pen" huweza kusikika kama "pin".

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1941, redio ya BBC ilimweka Wilfred Pickles, mzaliwa wa Yorkshire, kusoma habari. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba Wajerumani wangepata taabu kuigiza lafudhi yake. Hata hivyo, wasikilizaji wengi walilalamika. Habari zilikuwa zile zile, lakini kwa kuwa hazikusomwa kwa lafudhi ya wakubwa waliyoizoea, waliona taabu kuziamini. Naam, dharau ya lafudhi huziba masikio hata wakati wa vita.

Wataalamu wa mawasiliano walichukua njia ya busara zaidi. Hawakuilazimisha dunia nzima iseme kama London. Walitafuta maneno yatakayosikika vyema katika vinywa vya watu wengi, wakayajaribu kwa wasemaji wa mataifa 31, na mwaka 1956 orodha ya Alfa, Bravo, Charlie ikakamilika. Tarakimu nazo zilitengenezewa matamshi yake: 3 ni "tree", pasipo ile "th" inayowashinda wengi, 5 ni "fife" na 9 ni "niner", ili zisichanganywe. Aidha, 15 hutajwa tarakimu moja moja: moja, tano. Laiti tungalizingatia hayo siku ile ya mto!

Sisi wa Afrika Mashariki tuna yetu pia. Kiswahili kina irabu tano tu, na wengi wetu hutamka "cat", "cut" na "cart" kwa "a" ile ile moja. Si aibu, ila yatupasa tujue mahali ambapo mgeni anaweza kutuelewa vibaya. Dawa yake si kubana pua ili tufanane na watu wa London. Dawa ni kusema polepole na kwa uwazi, na mpokeaji kurudia ujumbe kabla ya kuutekeleza.

Na asiyesikia vizuri aseme hakusikia. Hilo nalo ni ushujaa, kwani ng'ambo ya mto kuna wenzake wanaomngoja.