Laptopu kuukuu: anza na diski, RAM baadaye

KUPANDA kwa bei ya vipuri vya kompyuta kulikoanza katika nusu ya pili ya mwaka 2025 kumebadilisha hesabu ya mfanyabiashara anayetaka kuifufua laptopu yake ya zamani badala ya kununua nyingine. Kabla ya hapo ushauri wa mafundi wengi ulikuwa mwepesi: ongeza RAM, weka SSD, maisha yaendelee. Sasa vitu hivyo viwili havifai tena kununuliwa kwa mkupuo bila kujua kipi hasa kinahitajika.

Chanzo cha bei hizo kiko mbali na Kariakoo. Chipu za RAM duniani hutengenezwa zaidi na kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, nazo ziligeuzia sehemu kubwa ya viwanda vyao kwenye chipu za vituo vya akili mnemba, ambako mteja hulipa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na biashara ya kuwauzia watumiaji wa kawaida kwa jina la Crucial, jina ambalo mafundi wa kompyuta walilizoea. SSD nazo hazikunusurika, lakini kwa mwenye mashine ya zamani bado ndizo zinazorudisha fedha haraka zaidi.

Sababu yake ni hii. Hadi diski ya zamani ni sahani inayozunguka, katika laptopu kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mdogo unaosogea huku na huko kutafuta taarifa. Kila utafutaji mmoja hula zaidi ya milisekunde 10. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na milisekunde hizo hujumlishana mpaka zikawa dakika. SSD haina kinachozunguka. Huifikia taarifa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na ile ya inchi 2.5 husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, wakati ya zamani hujitahidi kufika 100. Mwenye duka anayesubiri dakika tano ili amwandikie mteja ankara huona tofauti siku hiyo hiyo.

Lakini usitoe fedha kabla ya kupima, na kupima ni bure. Washa mashine, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tazama safu zilizoandikwa CPU, Memory na Disk. Ikiwa Disk inabaki karibu asilimia 100 kwa dakika kadhaa huku CPU ikiwa chini, ugonjwa ni diski. Ikiwa Memory inapita asilimia 90 ukiwa umefungua Excel na kurasa chache za intaneti, RAM ni ndogo. CPU ikiwa juu muda wote na kasha linaunguza mapaja, mwambie fundi afungue feni atoe vumbi na kubadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa, maana prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Angalia pia kama kuna programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana, na programu zinazojiwasha kila asubuhi bila kuombwa. Mafundi wengine hukimbilia "kupiga Windows" upya kwa kila tatizo. Mashine huwa nyepesi kwa mwezi mmoja, kisha hurudi palepale, kwa kuwa sahani bado ni ile ile.

Kuhusu RAM, gigabaiti 8 zinamtosha mtu wa mahesabu, barua pepe na kutazama bei za hisa. Mwenye 4 akiweka SSD kwanza atapata nafuu hata pale RAM inapopungua, kwa sababu Windows inapokosa nafasi kwenye RAM hutumia diski kama ghala la muda, na ghala hilo sasa litakuwa la haraka. Ukinunua, kumbuka kwamba DDR3L na DDR4 haziingiliani, na kwamba laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi isiyoongezeka kabisa. Mwambie fundi afungue aone kabla hujalipia kipuri.

Swali gumu zaidi ni kama mashine yenyewe inastahili. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha ilitangaza kuendelea kutoa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache. Kizazi husomwa kwenye namba: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. Hivyo HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, ambayo imejaa sokoni, haimo. G5 ya mwaka 2018 imo. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwenye G3, nayo huwaka, lakini Microsoft haikuahidi marekebisho kwa mashine za namna hiyo. Kwa laptopu inayofungulia akaunti ya benki na ya hisa, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa maoni ya ukurasa huu, mwenye G3 au ya rika lake aweke SSD peke yake, ambayo kesho anaweza kuihamishia mashine nyingine yenye nafasi ya diski ya inchi 2.5, wala asinunue RAM kwa bei hizi. Mwenye kizazi cha nane anaweza kufanya vyote viwili, mradi vipuri na ufundi visizidi nusu ya bei ya laptopu iliyotumika ya kizazi hicho.

Anayepeleka mahesabu TRA azingatie pia kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kompyuta katika kundi la uchakavu wa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mashine ya sh 1,000,000 huwa sh 625,000 baada ya mwaka mmoja, sh 390,625 baada ya miwili, na mwaka wa nne imebaki kama sh 152,600. Kwenye vitabu imekwisha, lakini kazini inaweza kuwa na miaka mitatu mbele yake.

Fundi akimaliza, usimwachie diski ya zamani. Ina orodha ya wadeni wako, bei za ununuzi na pengine nywila. Iwekwe kwenye kasha dogo la USB, ihakikiwe kuwa bado nzima, nawe uitumie kunakili daftari la mauzo kila Jumamosi. Kwa kuwa ina umri, nakala nyingine iwe kwenye flashi.