Siku Moja, Njia Tatu: Ijue Mombasa kwa Dirisha la Matatu

Mkazi wa Likoni anayefanya kazi Kizingo anaweza kupanda feri na matatu kila siku kwa miaka mingi bila kufika Miritini hata mara moja. Mwenzake wa Mikindani anaijua vyema barabara ya kwenda mjini, lakini Shanzu huisikia tu utingo akiinadi stejini. Kwa wengi, matatu ni ya kuwahi kazini, sokoni au hospitalini, na macho huwa kwenye saa wala si dirishani.

Ipo njia rahisi ya kubadilisha hali hiyo. Chagua siku moja, panda matatu bila shughuli yoyote, nenda hadi mwisho wa gari, kisha urudi. Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana. Faida yake ni kuielewa kaunti nzima, na kuwa na la kusema wakati wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti.

Kisiwa chenye milango mitatu

Katikati ya mji wa Mombasa ni kisiwani. Magari na abiria huingia na kutoka hasa kwa milango mitatu: kivuko cha Likoni upande wa kusini, Daraja la Nyali upande wa kaskazini, na Makupa upande wa magharibi. Hii ndiyo sababu kubwa ya msongamano. Njia nyingi za matatu, hata ziwe za mitaa iliyo mbali sana, lazima zijibane katika milango hiyo. Gari moja likiharibika darajani, foleni hufika hadi mitaa isiyohusika.

Kwa hivyo, anayetaka kuielewa Mombasa kwa siku moja apite milango yote mitatu. Jumapili asubuhi ni wakati mzuri, kwa kuwa abiria ni wachache. Siku za kazi, ni bora kuanza baada ya saa tatu asubuhi na kumaliza kabla ya saa kumi alasiri. Nauli aghalabu hupanda asubuhi, jioni na mvua inyeshapo, hivyo uliza nauli kabla ya kuketi.

Njia ya kwanza: Likoni hadi Posta

Anzia Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi chochote kwenye feri. Matatu za abiria huishia pande zote mbili za kivuko: unashuka, unavuka kwa miguu, kisha unapanda nyingine upande wa pili. Dakika chache za majini hukuonyesha meli kubwa zikielekea Bandari ya Kilindini, jambo ambalo watalii hulipia pesa nyingi kuliona kwingineko.

Kivuko pia kina kumbukumbu nzito. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikihudumu Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakafariki. Wahudumu wanapofunga lango na kusema feri imejaa, kanuni hiyo ina chanzo chake. Subiri inayofuata, shika watoto mkono, na usikimbilie mlango unapoanza kupandishwa.

Ukishuka upande wa kisiwani, matatu za Posta hupanda kwa barabara ya Nyerere. Kutoka Posta, mwendo mfupi wa miguu unakufikisha Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na kuorodheshwa na UNESCO kama turathi ya dunia mwaka wa 2011.

Njia ya pili: Daraja la Nyali hadi Mtwapa

Matatu za Mtwapa hupita Buxton na kuvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980. Kabla yake, magari yalivuka kwa daraja lililoelea juu ya maji. Keti upande wa dirisha: Bandari ya Zamani na Mji wa Kale huonekana kwa upande mmoja.

Baada ya soko la Kongowea gari hufika Kengeleni. Jina hilo halikuzuka hivi hivi. Katika miaka ya 1870, watu waliokombolewa kutoka utumwani walipewa makao Frere Town, na kengele ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Maelfu hulitaja jina hilo kila siku wakiomba kushukishwa, wengi bila kujua kwamba wanataja historia ya uhuru.

Hapo njia hugawanyika. Moja huelekea Kisauni na Mshomoroni, nyingine hufuata Bombolulu, Bamburi na Shanzu. Bamburi kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta na bustani ya Haller, iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kuanza kupandwa miti mwaka wa 1971. Ukivuka daraja la Mtwapa, umeshaingia Kaunti ya Kilifi. Kwa siku ya matembezi, hapo ndipo pa kugeuzia.

Njia ya tatu: Makupa hadi Miritini

Njia hii haina fuo, lakini ndiyo inayoonyesha Mombasa inavyojilisha. Kutoka Mwembe Tayari, gari hufuata barabara ya Jomo Kenyatta hadi Makupa. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilipitwa juu ya tuta la udongo lililoziba maji ya bahari. Daraja jipya lilipofunguliwa mwaka wa 2022, maji yalipata tena njia ya kupita chini yake.

Mbele yake ni Changamwe, Mikindani na Jomvu, kwenye msururu wa malori ya mizigo kutoka bandarini. Miritini ndipo kilipo kituo cha reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Kutoka upande huo pia huanza barabara ya Dongo Kundu, inayowawezesha wenye magari kufika Kusini mwa Pwani bila kupanda feri.

Kabla ya kupanda, tazama

Kanuni za magari ya abiria zilikazwa mwezi wa Februari 2004 na zingali zinamlinda abiria. Matatu inayofuata sheria huwa na:

- mstari wa manjano ubavuni;
- mikanda inayofanya kazi katika kila kiti;
- kidhibiti mwendo, ili gari lisizidi kilomita 80 kwa saa;
- dereva na utingo waliovaa sare;
- abiria wasiozidi idadi ya viti. Gari la viti 14 ni la watu 14. Anayening'inia mlangoni yuko hatarini, na waliomo ndani pia.

Lipa ukiwa umeketi, hesabu chenji kabla ya kushuka, na weka simu mbali na dirisha gari linaposimama kwenye foleni. Anayesafiri na mzee au mtu mwenye ulemavu amwombe dereva asubiri hadi aketi. Hiyo ni haki yake, si hisani.

Nani anahusika na nini

Malalamiko mengi hukwama kwa kupelekwa mahali pasipofaa. Katiba ya 2010 iligawa kazi. Serikali ya kaunti inashughulikia barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma katika eneo lake. Stejini pasipo na kivuli au taa, na mtaro ulioziba kando ya barabara ya mtaa, ni mambo ya kupeleka kwa ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo.

Barabara kuu kama ile ya Malindi na ile ya Nairobi ziko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, KeNHA. Leseni za magari na madereva ni za NTSA, na dereva anayevunja sheria huripotiwa kwa polisi wa trafiki au kwa NTSA. Andika nambari ya gari, mahali na saa. Bila nambari, hatua haiwezi kuchukuliwa.

Ulichokiona kifikishe barazani

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kila kaunti kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo, wananchi wana haki ya kutoa maoni.

Katika vikao hivyo, kauli kama "usafiri ni mbaya" haiwezi kutengewa pesa. Kauli kama "stejini ya mahali fulani haina taa, na kina mama wanaotoka sokoni saa moja jioni hungojea gari gizani" inaweza. Aliyeizunguka kaunti kwa siku moja huwa na kauli nyingi za aina hiyo, na huweza pia kueleza kwa nini wadi jirani inastahili kuanza kabla ya yake.

Kwa hivyo beba daftari dogo. Kwa kila stejini, andika jina lake, saa uliyofika, muda uliongojea gari, na kama kuna kivuli, taa, choo na njia ya kupita kiti cha magurudumu. Ukurasa mmoja kwa kila njia unatosha. Kikao cha maoni kitakapotangazwa katika wadi yako, nenda nao.