Pima Maji Mafu Kwanza

Swali ni lile lile, barazani Mji wa Kale, Mombasa, na hata kwenye simu: "Injinia, bahari inajaa na kupwa kila siku. Mbona hatufungi turbini moja kubwa chini ya Daraja la Nyali, tukaachana na tokeni za umeme?" Swali limekosewa tangu mwanzo. Chini ya daraja hakuna kimo cha maji, yaani tofauti ya usawa wa maji upande huu na ule, kuna mkondo tu. Ili kimo kipatikane, lazima maji yazuiwe bwawani. Na hata yakizuiwa, kimo hicho hakibaki kile kile.

Mvuvi yeyote wa Mombasa analijua hili kuliko wauza mitambo. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka takriban mita 3; siku za maji mafu, takriban mita 1. Watu wakisikia hivyo hudhani umeme nao utapungua mara 3. La! Kimo kikipungua, maji yanayoingia bwawani nayo hupungua, kwa hiyo nishati hushuka mara 9.

Chukua bwawa la hekta 1 kandokando ya mkono wa bahari wa Tudor. Likijaa kwa bamvua lina mita za ujazo 30,000, na kimo cha wastani wakati wa kulimwaga ni mita 1.5. Ukitoa hasara za mtambo, kila maji yakipwa unapata kama uniti 86. Wiki moja baadaye, maji mafu yakiingia, bwawa lile lile halifikishi uniti 10.

Sasa lete hiyo turbini kubwa, tuseme ya kilowati 100. Inataka karibu mita za ujazo 10 kwa sekunde. Bwawa linakauka chini ya saa moja, na kimo umekimaliza mwenyewe. Uniti zako ni zile zile 86, maana maji hayakuongezeka, kisha chuma cha mamilioni kinakaa bure mpaka bahari ijae tena. Ya kilowati 20 ingelimwaga bwawa hilo kwa saa 4 na kitu, uniti zikapungua kidogo tu, na taa zikawaka muda wote huo. Maji mafu yakifika, ile kubwa haipati maji ya kuizungusha ipasavyo: turbini yenye mapanga yasiyogeuzwa hufanya kazi vizuri karibu na kiwango ilichoundiwa tu. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati si umeme utakaoupata, na nimechoka kulirudia hili.

Ufaransa, pale La Rance, ambako maji hupanda wastani wa mita 8, hawakutegemea mtambo mmoja: mwaka 1966 walizindua turbini 24 za megawati 10 kila moja. Kanada ilifunga moja kubwa ya megawati 20 huko Annapolis Royal mwaka 1984. Ilisimama 2019, ikiwa tayari inalaumiwa kwa kuua samaki.

Nasi tuna funzo letu, tuta la Makupa. Tuta lile lilikata maji kati ya Tudor na Port Reitz kwa miongo mingi, hadi daraja la 2022 lilipoyafungulia njia. Anayetaka kuziba mlango wa Tudor anataka kuiua mikoko ya Mikindani, inayoishi kwa maji kuingia na kutoka.

Haya, ya kufanya. Simika mti wenye alama za sentimita, usome mwezi mzima ili upate bamvua mbili na maji mafu mara mbili. Mtambo wa kwanza upimie maji mafu, wa pili uuongeze kwa ajili ya bamvua. Miwili isiyolingana inashinda mmoja mkubwa. Kimo kikiwa mita 1 hadi 5, fikiria parafujo la Arkimede, linalozunguka polepole na kuwapitisha samaki wengi salama. Turbini ya Kaplan, yenye mapanga ya kugeuzwa, inafaa maji yanayobadilika sana, ila ni ghali. Wavu mlangoni, chuma kisichoshika kutu, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kuchimba. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mwenye kijito huko bara: apime wakati wa kiangazi, na aache maji ya kutosha yaendelee kupita kijitoni.

Mwenye vipimo vya mwezi mzima aje tukae tupige hesabu. Asiyekuwa navyo, tafadhali asilipe hata arubuni.