Bunduki ya Upepo ya Kale: Uiponye, Usiiue

Wazee wengi wanaikumbuka alama ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja, iliyokuwa katika baiskeli na pikipiki za BSA. Lakini je, msomaji mpenzi, wajua kuwa kiwanda hicho cha Birmingham, Uingereza, kiliunda pia bunduki za upepo? Mwaka 1904 Lincoln Jeffries, fundi wa bunduki wa mji huo, alipata hati ya uvumbuzi wake, na tangu 1905 BSA ikaanza kuziunda. Leo wako watu wanaozitafuta minadani, wakizikusanya na kuzitengeneza. Kazi yao ina funzo kwa kila mwenye kupenda vitu vya kale.

Hufanyaje kazi?

Ndani ya silinda mna pistoni, na nyuma yake kamani nene. Ukivuta wenzo ulio chini ya mtutu, pistoni hurudi nyuma na kamani hubanwa, mpaka jino dogo la chuma liikamate pistoni. Ukifyatua, jino huachia. Kamani huisukuma pistoni mbele, hewa hubanwa ghafula, nayo ndiyo irushayo kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5. Mbele ya pistoni pana washa ya ngozi inayozuia hewa isivuje.

Basi bunduki ikikosa nguvu, mara nyingi ugonjwa ni mmoja wa hii miwili: ngozi imekauka, au kamani imechoka. Ngozi kavu huponywa kwa kulowekwa katika mafuta; iliyochanika hukatwa nyingine. Kamani hununuliwa mpya.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, kamani hukaa imebanwa hata kama bunduki haikukokiwa. Ukifungua sehemu ya nyuma ovyo, itaruka kwa nguvu ya kuvunja meno au kupofua jicho. Fundi huishika kwanza kwa kibanio, ndipo afungue, akiilegeza pole pole.

Pili, usimimine mafuta mengi mbele ya pistoni. Hewa ikibanwa ghafula hupata moto mkali, kama katika injini ya dizeli. Mafuta yale huwaka kwa mshindo, na kamani huweza kuvunjika.

Tatu, usifyatue bila kirisasi. Kirisasi huizuia hewa kidogo, nayo huwa kama mto wa kuipokea pistoni. Pasipo mto huo, chuma hugonga chuma.

Kosa lisiloponyeka

Mtu hupata bunduki ya mwaka 1910, aikuta na kutu. Achukua msasa, asugua mpaka ing'ae kama sufuria mpya. Afurahi! Kumbe amefuta alama ya kiwanda na namba iliyopigwa katika chuma. Namba ile ni kama cheti cha kuzaliwa: kwayo wajuzi hutambua bunduki iliundwa lini. Sasa imekuwa kitu kisicho na jina, na thamani yake imeshuka.

Fundi mwenye hekima hupaka mafuta, hungoja, kisha husugua taratibu kwa pamba laini ya chuma, akiiepuka namba. Makwaruzo ya kitako huyaacha. Hupangusa tu mti kwa mafuta ya kitani. Kutu yaweza kuondolewa kesho. Namba iliyofutwa hairudi kamwe.

Neno kwa wazazi

Hiki si kitu cha kuchezea watoto. Kirisasi kidogo chaweza kutoboa jicho. Bunduki ifungiwe kabatini, na visasi vyake viwekwe mbali. Tena sheria si moja kila mahali: huko Scotland, tangu 31 Desemba 2016, mwenye bunduki ya upepo hupaswa kuwa na cheti. Kabla ya kununua, uliza polisi wa kwenu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayetengeneza kitu cha kale na aiheshimu kwanza kazi ya yule aliyekiunda.