Hatujaona si Hakuna: Funzo la Chembe za Higgs

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanalijua vyema kosa hili, kwa maana hawapumziki kulisahihisha. Mwanafunzi huandika, "Jana sijaenda sokoni," ilhali alipaswa kuandika, "Jana sikwenda sokoni." Tunamkumbusha kwamba kiambishi -ku- hukanusha tendo la wakati uliopita, tendo ambalo mlango wake umekwisha kufungwa. Kiambishi -ja- nacho hukanusha hali timilifu: tendo halijatimia hadi sasa, lakini mlango u wazi. "Mgeni hakufika" ni habari iliyokwisha. "Mgeni hajafika" ni habari inayoendelea, na mwenye nyumba angali na sababu ya kuacha chungu mekoni.

Aghalabu somo hilo huishia hapo, katika alama mbili za mtihani. Katika makala haya nataka kulipeleka mbali zaidi. Mimi ni mwanaisimu wala si mwanafizikia, lakini yeyote ambaye kazi yake ni kuchunguza jinsi wanadamu wanavyoyasema wanayoyajua na wasiyoyajua hana budi kuvutiwa na jambo moja. Kuna wanasayansi maelfu kadhaa ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitafuta kitu kimoja, na jibu lao hadi leo ni neno moja tu: hatujaona. Tofauti yao na sisi ni kwamba neno hilo wamelipima kwa tarakimu.

Mahali penyewe ni CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva. Huko, kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, kuna handaki la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27. Ndani yake protoni husukumwa hadi zikaribie kasi ya mwanga, mafungu mengine yakienda upande huu na mengine upande ule, kisha yakakutanishwa uso kwa uso. Katika migongano hiyo nishati hugeuka kuwa chembe mpya. Mitambo miwili mikubwa ya kuzitambua, ATLAS na CMS, huzunguka sehemu za migongano kama macho yasiyopepesa. ATLAS ina urefu wa mita 46. CMS ni fupi zaidi, lakini ina uzito wa tani 14,000.

Tarehe 4 Julai 2012, makundi hayo mawili yalitangaza kwamba yamegundua chembe iliyokuwa imetabiriwa tangu 1964 na Peter Higgs wa Uingereza, na pia François Englert na Robert Brout waliokuwa Ubelgiji. Higgs na Englert walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013. Brout alikuwa amefariki 2011. Miaka 47 yote tangu utabiri ule, tungeweza kusema juu yake kwamba hajaiona chembe yake. Kifo kilipomchukua, sarufi ilibadilika papo hapo: hakuiona. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kumweleza mwanafunzi tofauti ya -ja- na -ku-.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa chembe ya Higgs ilikwisha kuonekana, wanatafuta nini tena? Wanatafuta chembe mbili za Higgs zilizozaliwa pamoja katika mgongano mmoja. Kwa nini mbili? Hapa hatuna budi kutua kidogo.

Nadharia inasema kwamba ulimwengu wote umejaa kitu kiitwacho uga wa Higgs, na kwamba chembe za msingi, elektroni ikiwa mojawapo, hupata tungamo zao kwa kuathiriana na uga huo. Chembe ya Higgs ni kama kiwimbi katika uga huo. Sasa chukua chupa ya kioo ambayo kitako chake kimebinuka kwa ndani, na udondoshe punje ya mchele juu ya kile kinundu cha katikati. Punje haitakaa pale. Itateremka hadi kwenye mfereji unaokizunguka. Inaaminika kwamba ulimwengu ulifanya vivyo hivyo ulipokuwa mchanga na unapoa: uga wa Higgs uliteremka kutoka kileleni ukatulia mferejini, na chembe zikapata tungamo. Tunajua mfereji ulipo. Tungamo ya chembe ya Higgs, ambayo ni kama mara 133 ya tungamo ya protoni, imetufahamisha jinsi kuta za mfereji zilivyo wima pale karibu na punje. Lakini umbo zima la kitako cha chupa hatujalijua. Je, uga uliteremka ghafla kama maji yanavyochemka, au polepole? Je, mfereji tuliomo ndio ulio chini kuliko yote, au kuna mwingine wa chini zaidi? Je, mteremko huo una sehemu katika sababu zilizofanya maada ibaki na kinyume chake kitoweke, hata tukawako sisi?

Maswali hayo yote yanategemea nguvu ambayo chembe ya Higgs huathiriana kwayo na chembe nyingine ya Higgs. Njia ya moja kwa moja ya kuipima nguvu hiyo ni kuziona mbili pamoja. Jozi yaweza kuzaliwa kwa namna mbili: chembe moja ya Higgs igawanyike iwe mbili, au zote mbili zichipuke kutoka katika chembe nzito iitwayo kwaki ya juu. Ajabu ni kwamba namna hizo mbili hupunguzana nguvu, kama mawimbi mawili yanayokutana moja likipanda na lingine likishuka. Ndiyo maana jozi ni adimu. Kama chembe za Higgs zisingeathiriana zenyewe kwa zenyewe, jozi zingepatikana takriban maradufu. Kwa hiyo idadi yenyewe ya jozi ni ujumbe; asiyeihesabu hawezi kuusoma.

Na kuihesabu si mchezo. Mafungu ya protoni, kila moja likiwa na protoni kama bilioni 100, hupishana karibu mara milioni 40 kwa sekunde. Kompyuta huyachambua matukio hayo papo kwa papo na kuhifadhi maelfu machache tu kila sekunde. Mengine yote hutupwa na hayarudi. Katika data ambazo kila kundi lilikusanya kati ya 2015 na 2018, nadharia inakadiria kwamba chembe za Higgs zilizozaliwa zilikaribia milioni 8. Jozi? Elfu nne na ushei.

Hata hizo elfu nne hazionekani zenyewe. Chembe ya Higgs huvunjika mara tu inapozaliwa, na kinachobaki ni vipande vyake. Theluthi moja hivi ya jozi huvunjika kuwa kwaki nne za aina ya b, lakini migongano ya kawaida huzitoa kwaki za namna hiyo kwa wingi mno, hata kuitambua jozi humo ni sawa na kutambua sauti ya mtu mmoja katika uwanja wa mpira uliofurika. Namna nyingine ni safi zaidi: Higgs moja huacha kwaki mbili za b, nyingine huacha fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga zinazopimika kwa usahihi mkubwa. Ila jozi zinazofuata njia hii ni takriban 26 katika kila 10,000. Piga hesabu: katika data zote za miaka ile minne, ni jozi kama 11 tu kwa kila kundi, na mitambo hainasi hata hizo zote.

Mtu anayetafuta vitu 11 katika bahari ya migongano yuko katika hatari ya kukiona anachokitamani. Wanasayansi hawa wanaijua hatari hiyo, na wameiwekea ulinzi. Sehemu ya data ambamo jozi zinatarajiwa hufunikwa kwanza. Watafiti hutunga mbinu zao zote, wakazijaribu na kuzikosoa, bila kuiangalia sehemu hiyo. Mbinu zikiisha kukubaliwa, ndipo pazia hufunuliwa, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya kurekebisha kipimo ili matokeo yapendeze. Laiti sisi wa taaluma nyingine tungekuwa na pazia kama hilo!

Sasa tuyatazame majibu yao. Mwaka 2024 kundi la ATLAS, likiunganisha njia zake mbalimbali, halikusema "jozi hakuna". Halikusema "jozi zipo". Lilisema kwamba, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, jozi hazizaliwi zaidi ya mara 2.9 ya kiasi kilichotabiriwa. CMS nao, 2022, walikuwa wametaja mara 3.4. Maana yake ni hii: kama zingekuwa nyingi kuliko hapo, tungekwisha kuziona dalili zake. Na nguvu ile ya Higgs kwa Higgs, ATLAS waliiweka kati ya -1.2 na 7.2 ya thamani iliyotabiriwa. Angalia kwamba sifuri imo ndani ya mipaka hiyo. Hata uwezekano wa kutokuwapo nguvu yenyewe haujaondolewa.

Jibu kama hilo laweza kumkatisha tamaa mwenye pupa. Lakini lilinganishe na la awali: kwa data za 2015 na 2016 pekee, ATLAS waliweza kusema tu kwamba haizidi mara 6.9. Kutoka 6.9 hadi 2.9, hawakuona kitu, na bado walijifunza. "Hatujaona" ya pili si "hatujaona" ya kwanza. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Sayansi inaongeza sharti moja: mtafutaji na atuambie kila jioni ametafuta hadi wapi.

Kwa upande mwingine, haraka ya kutamka "tumeona" ina gharama zake. Desemba 2015 makundi yote mawili yalionyesha dalili za chembe mpya nzito, mara sita ya Higgs, ikivunjika kuwa fotoni mbili. Wenyewe walitahadhari, hawakuuita ugunduzi. Hata hivyo wananadharia waliandika mamia ya makala kuieleza. Agosti 2016, data zilipoongezeka, dalili ikayeyuka. Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lile lilisemwa sana; halikuwapo, wala halikuja. Ndiyo sababu wataalamu hawa hawatamki neno "ugunduzi" hadi dalili iwe na nguvu kiasi kwamba bahati tupu isingeweza kuizaa ila mara moja katika majaribio kama milioni 3.5.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, kwa heshima lakini bila kung'ata maneno, kuna faida gani kutumia mali nyingi hivyo kwa jambo ambalo huenda lisionekane. Ningeweza kumjibu kwamba wavuti tunaoutumia kila siku ulibuniwa papo hapo CERN mwaka 1989. Jibu hilo ni kweli, ila linalikwepa swali. Nilimwambia kwamba jamii isiyokuwa na watu wanaolipwa kusema "hatujaona, na tumetafuta hadi hapa" itabaki na watu wa aina mbili tu: wanaoapa kwamba kitu kipo na wanaoapa kwamba hakipo. Jamii ya namna hiyo hudanganywa kwa urahisi, na mwenye dawa ya kuuza, na mwenye kura ya kuomba.

Hapa ndipo hoja yangu inapowahusu walimu. Katika madarasa yetu jibu lina hukumu mbili: ni sahihi au si sahihi. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba kutojua ni aibu, naye huificha kwa kubahatisha. Hatumfundishi kueleza ukubwa wa asilolijua. Isitoshe, fizikia katika shule zetu za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili hudhani mambo hayo si yake. Ni yake. Lugha inayotenganisha hatukuona, hatuoni na hatujaona imekwisha kutengeneza vyombo vya kazi hii. Kilichobaki ni kuvitumia.

Nawapendekezea walimu wawili, wa Kiswahili na wa fizikia au hisabati, somo moja la pamoja. Watie maharagwe meupe katika debe, wakichanganya au wasichanganye mekundu machache kwa siri. Wanafunzi wachote bila kuchagua, wahesabu, na waandike sentensi moja ya Kiswahili juu ya walichokipata. Wakichota 300 bila kuona jekundu hata moja, wengi wataandika, "Hakuna maharagwe mekundu." Sentensi hiyo ina kosa, ijapokuwa sarufi yake ni safi. Wanachoruhusiwa kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, ni kwamba mekundu hayazidi moja katika kila 100. Wakichota 3,000 bila kuona kitu, wataruhusiwa kusema hayazidi moja katika 1,000. Siku hiyo watakuwa wamefanya, kwa debe na maharagwe, hesabu ya jamii moja na ile ya ATLAS.

Mtambo wa CERN unafanyiwa mpango wa kuongezewa nguvu ili kuanzia mwaka 2030 hivi ukusanye data nyingi zaidi mara kadhaa. Makadirio yaliyotolewa 2025 yanaonyesha kwamba makundi mawili yakiunganisha matokeo yao, yanaweza kukivuka kizingiti cha ugunduzi wa jozi. Wengi watakaoifanya kazi hiyo wamo shuleni sasa. Hawajaona. Tuwafundishe kulitamka neno hilo bila haya, na kulitia kipimo.