Shukia Steji Hii

Saa kumi jioni, base ya PS huko Umo. Chumba ni ya mabati, TV ni mbili, feni ni moja na inapulizia mwenye base peke yake. Benchi imejaa vijanaa wametoka chuo na uniform bado iko mwilini, kila mtu ameshika mbao yake mkononi ndio asiruke laini. Hakuna mtu anauliza leo tunacheza nini. Ni ball. Ukitandikwa unatoka, unarudi nyuma, unaanza kutafuta mbao ingine.

Sasa juzi kuna kaboy kamoja, hata miguu haifiki chini akikaa kwa benchi, kakacheki ukuta penye mwenye base amebandika picha za gemu zote ako nazo. Kakauliza swali mbaya: "Brathe, kwani hizi zote ni anga, mazombi na bunduki? Hakuna ya watu wa kawaida?"

Wasee wakapasuka. Mwenye base akamshow, "Lipa ama upishe wenye wako na doo." Story ikaisha hapo. Lakini mimi nilienda nayo keja, manze, juu kako right. Ukipanga gemu kutoka kitambo hadi sai, zinashukisha watu steji zilezile tu: anga, pango, vita, zombi, mtaa, ball. Nimezipitia zote tangu nikiwa kadogo na sijawahi jiuliza nani alichora hiyo route.

Nikaanza kuchimba. Rada yenye nilipata ni hii: hizo steji, nyingi ziliamuliwa na kusota. Mashine ilikuwa imesota, so ikabidi wasee wa kuunda gemu wachague mahali penye kusota haitaonekana.

Anga: giza ni ya bure

Enda hadi 1962, MIT, huko Marekani. Kuna msee anaitwa Steve Russell na mabeshte wake. Wameachiwa kompyuta inaitwa PDP-1, kubwa kama makabati yamepangwa ukutani. Wakaunda Spacewar!, gemu ya ndai mbili za anga zikiwindana na nyota katikati inazivuta. Sababu ya kwanza unaiskia mbio: Warusi walikuwa wamerusha Sputnik 1957, na 1961 Yuri Gagarin akazunguka dunia. Anga ndio ilikuwa story ya kila base.

Sababu ya pili ndio tamu. Skrini ikiwa haina kitu, ni nyeusi. Anga pia ni nyeusi. Hauhitaji kuchora nyasi, hauhitaji ploti, hauhitaji shosh akipita na mboga. Weka nukta kadhaa uziite nyota, kazi imeisha.

Japan ikaingia 1978. Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito akaleta Space Invaders, na maadui wake alichora akifuata pweza, kaa na ngisi. Kama umewahi icheza unajua ile presha: ukizidi kuwamaliza, wenye wamebaki wanakimbia zaidi, hadi yule wa mwisho anakatiza skrini kama nganya imeona karao. Sasa skia. Hiyo hakuna mtu alipanga. Kompyuta ilikuwa imelemewa na kuchora hao wote, so kila mmoja akidedi mzigo inapungua, mashine inapata pumzi, wenye wamebaki wanaenda speed. Nishikado akaona, akaiacha hivo. Hadi leo gemu nyingi zinakuongezea moto ukikaribia kumaliza, na mzizi ni mashine ilikuwa inahema.

Pango: kuta ndio zinaficha

Steji ya pili ni pango, na mahandaki, na ngome za chini ya ardhi. Katikati ya miaka ya 1970, mlami mmoja anaitwa Will Crowther alikuwa programa, na wikendi zake alikuwa anaingia Mammoth Cave huko Kentucky kupima na kuchora ramani. Ndoa ikavunjika. Akaunda gemu ndio watoto wake wasichana wakuwe na kitu ya kucheza: maandishi tupu, picha zero. Unaambiwa uko wapi, unaandika unataka kuenda wapi. Ikakuja kujulikana kama Colossal Cave Adventure. Chini yake kuna pango ya ukweli, penye yule buda alikuwa ametambaa na tumbo.

Shigeru Miyamoto naye, mwenye aliunda gemu ya Zelda, alikulia Sonobe, karibu na Kyoto, akizurura msituni na kuingia mapango na taa. Zelda ya 1986 imetoka hapo. Ongeza Dungeons & Dragons, ile gemu ya meza ya 1974, yenye ilikuwa imeshawafunza kizazi mzima ati chini ya ardhi kuna dragoni amelalia dhahabu, na unaelewa kwa nini kila gemu ya mapanga inakupeleka chini.

Lakini rudi kwa kusota. Pango iko na kuta, na ukuta inaambia mashine: usichore kitu iko mbele ya hapa. Nafasi ya kuweka michoro nayo pia ilikuwa imesota: Super Mario Bros. ya 1985 nzima ilikuwa kilobaiti 40. Picha moja ya birthday yenye umetumiwa WhatsApp ni nzito kuliko hiyo. Wakabana vitu hadi mawingu na vichaka vikawa ni mchoro mmoja, wamebadilisha tu rangi: nyeupe ukiangalia juu, kijani ukiangalia chini. Miaka yote hiyo tunashinda base, hakuna mtu aling'amua. Ndio pia unaona kila gemu ya kuruka iko na jangwa, barafu na moto. Badilisha rangi, badilisha ngoma, dunia mpya imepatikana.

Hata ile ukungu ya Silent Hill ya 1999, yenye ilifanya watu wadoz na taa imewaka? PS1 haikuwa na nguvu ya kuchora mtaa mzima. Wakamwaga ukungu ikafunika penye mashine imeshindwa, na ukungu ikawa ndio uoga yenyewe.

Vita na zombi: nani anaweza pigwa?

Hapa kusota ikahama, ikatoka kwa mashine ikaingia kwa roho. Ukishaunda bunduki, lazima utafute mtu wa kupigwa. Nishikado alikuwa amefikiria binadamu kwa Space Invaders, hiyo wazo ikakataliwa, ndio tukapewa pweza. Wolfenstein 3D ya 1992 ikaleta Manazi, juu hakuna mtu atawalilia. Doom ya 1993 ikaleta mashetani kwa miezi ya Mars. Call of Duty ikaanza 2003 na Vita Kuu ya Pili, penye kila mtu anajua mbaya ni nani. 2007 ikahamia vita za siku hizi, na hapo swali ya nani mbaya ikaanza kuwa ngumu.

Na zombi? Zombi ni binadamu amepewa ruhusa ya kupigwa. Ushahidi ni Carmageddon ya 1997, gemu ya kugonga watu na gari. Uingereza wakaikataa. Kampuni ikarudi na gemu ileile, watu wamefanywa mazombi wa damu ya kijani, ikapita. Ujerumani wakawekewa maroboti. Barabara ni hiyohiyo, gari ni hiyohiyo, wamebadilisha tu damu.

So mwaka wa 2009 mazombi wakafika Afrika, niko base, Resident Evil 5 imewekwa. Mahali panaitwa Kijuju, eneo ya kubuni, ati iko Afrika Magharibi. Adui wanaitwa Majini. Wakaanza kupiga nduru na mimi nikashtuka, juu nilikuwa naskia. Ni Kiswahili, buda! Mtu anakujia na panga akiongea lugha ya mathe yangu, na kazi yangu ni kumpiga kichwa. Trela yake ya 2007 ilikuwa imezua noma tayari, watu wakiuliza mbona mlami amefunguliwa kijiji ya watu weusi apige. Mimi sikuwa najua hizo debate. Nilijua tu hii lugha ya kuitisha chai imewekwa kwa mdomo ya zombi, alafu ikapelekwa Magharibi penye hata si kwao.

Lakini kuna upande ingine pia, lazima niseme. Civilization IV ya 2005 inafungua na wimbo inaitwa Baba Yetu, ya Christopher Tin. Ni ile sala unaijua kutoka Sunday school, Kiswahili kitupu. 2011 ikashinda Grammy, na ndio ilikuwa ngoma ya kwanza ya gemu kufanya hivo. Lugha ni ileile. Mmoja alikuwa anatafuta sauti ya kuogopesha, mwingine sauti ya kuanzisha dunia.

Mtaa: hii tulikuwa tunaijua

Gemu ya San Andreas, 2004. Hapo ndio base zote zilishika moto. CJ, ule msee unamcheza, amerudi mtaa mwaka wa 1992 kuzika mathe yake, na kabla hata afike keja sanse wamemdandia, wakamnyang'anya doo, wakamtupa kwa eneo ya mbogi ingine. Hakuna msee wa Eastlando alihitaji kutafsiriwa hiyo. Tulikuwa tunaandika cheats nyuma ya kitabu ya hesabu, na mwenye kuzijua kwa kichwa alikuwa anaheshimiwa kuliko prifekti.

Na bado unajua nani aliunda huo mtaa wa Los Angeles ya kubuni? Wasee wa Edinburgh, huko Scotland, kwa mvua na baridi. Walikuwa wamekulia sinema na ngoma za Marekani kama sisi tu. Hiyo ilinifungua macho: hauhitaji kuzaliwa mahali ndio upaunde, lakini mwenye anaunda ndio anachagua mtaa gani inastahili.

Ball: mbao ndio refa

Sasa mbona base yetu ni ball tu? Tunapenda ball, sawa. Lakini piga hesabu ya mwenye base. Zelda ni mtu mmoja, masaa mingi, pad moja. Atalipa stima na nini? Mechi ni watu wawili, pad mbili, dakika chache, mmoja ametandikwa, mwingine anaingia. Hakuna story ya kusoma, hakuna memori kadi ya kutafuta, sheria kila mtu alizijua akiwa na miaka minne. Ndio FIFA, yenye ilianza 1993, na Winning Eleven ya Konami zikateka mitaa yote. Hata hapa kusota ndio ilipiga kura. Tofauti ni hii ilikuwa yetu.

So jibu ya kale kaboy ni gani? Gemu ya watu wa kawaida iko wapi? Tumejaribu. 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, ma-alien wamevamia Tao. Nilicheka kiasi: tumepata zamu yetu, tukapanda kutoka steji ya kwanza, anga, kama kila mtu.

Lakini jana nilimpata huyo kaboy nje ya base. Hakuwa na mbao, so alikuwa amekaa kwa ngazi na simu ya brathake, kioo imepasuka. Alikuwa ndani ya Bus Simulator Indonesia, yenye wasee wa huku wameivalisha nganya zetu, rangi zote, hadi graffiti. Indonesia pia wanaendesha kushoto kama sisi, so mathree imekaa barabarani ni kama ilizaliwa huko. Vibao vyote ni vya Kiindonesia. Hakusoma hata moja. Akapiga honi, akakata kona, akasimama kando ya barabara penye hakuna mtu amesimama.

Nikamuuliza anangoja nini.

"Si hii ni steji," akanishow. "Kuna watu wanashuka."