Kompyuta ya mtumba ichomwe bambo kabla ya kulipiwa

Mnunuzi wa mahindi soko la Kibaigwa hachukui gunia kwa kusoma maandishi ya nje. Hulichoma bambo aone kilichomo. Kompyuta mpakato ya mtumba nayo yafaa ikaguliwe hivyo, hasa inaponunuliwa ili itumie Linux.

Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, hivyo Linux, isiyolipiwa leseni, ni njia nafuu kwa duka au chama cha msingi chenye mtaji mdogo. Lugha si kikwazo kipya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Muuzaji atasema modeli hiyo imethibitishwa kwa Linux. Huenda ni kweli. Canonical, kampuni ya Ubuntu, hupima modeli na kuorodhesha zilizofaulu. Lakini kipimo hicho ni cha modeli fulani, toleo fulani la Ubuntu na famuwea ya wakati huo. Famuwea ni programu iliyowekwa na kiwanda ndani ya mashine; ndiyo huiamsha kabla Linux haijaanza. Mashine iliyokaa miaka bila kusasishwa inaweza kugoma kuamka baada ya kufunikwa, kumaliza betri upesi, au kubaki na upenyo kwa wezi wa taarifa.

Kagua hivi. Mwambie muuzaji awashe Linux, aunganishe intaneti ya simu na kuandika fwupdmgr get-updates. Programu hiyo huuliza ghala la LVFS, ambako Dell, Lenovo, HP na wengine huweka famuwea zao. Kila faili huwa na saini ya kidijitali. Isipolingana, faili hukataliwa. Kama mashine haimo, famuwea itoke kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye flashi ya fundi.

Angalia pia kama kuna nywila ya mmiliki wa zamani iliyofunga mipangilio ya kuwasha. Ikiwepo, inaweza kuzuia usasishaji.

Hatari kubwa ni umeme. Ukikatika wakati famuwea inaandikwa, mashine inaweza isiwake tena. Kwa hiyo betri iwe nzima na imejaa, na chaja ichomekwe. Mashine yenye betri iliyokufa isisasishwe kabla ya kubadilishiwa betri, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei.

Usasishaji ufanyike dukani, mbele ya mnunuzi, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Kisha mashine izimwe, iwashwe na kuulizwa tena toleo lake. Risiti iandikwe modeli, namba ya mashine na toleo hilo. Mashine ikifa mezani kwa muuzaji, hasara ni yake. Ikifia Kondoa au Manyoni, ni ya mnunuzi.